Mkwe wa Kwenye Simu

Juzi jioni, kijiweni kwetu Temeke, birika la kahawa likiwa ndiyo kwanza limeshuka mkaani na kashata bado zimejaa sahanini, kijana mmoja wa bodaboda alituambia kwamba amefiwa. Bibi yake mkewe amefariki huko Mwika, Uchaggani. Tukampa pole. Mpare wetu, fundi baiskeli, akamuuliza anasafiri lini. Kijana akachomoa simu, akatugeuzia kioo tusome ujumbe wa muamala: laki mbili zimekwenda, na ya kutolea kaiweka.

"Mimi nimeshamalizana nao," akasema.

Nikasonya. Nilisonya kwa nguvu mpaka muuza kahawa akasimamisha birika hewani. Umemalizana nao? Ukweni mtu humalizana? Watu wanamalizana na mwenye nyumba, wanamalizana na mwenye duka aliyewakopesha unga. Mwenye kukupa mwanaye akuzalie watoto unamalizana naye kwa namba ya siri?

Sikumsonya kwa dharau. Maneno yale niliyasema mimi mwenyewe miaka sita iliyopita, tena nikiwa nimekaa benchi lile lile, na najua yalinifikisha wapi. Ndiyo maana nayaandika haya, maana pale kijiweni muda haukutosha na kijana alipata abiria akaondoka.

Mimi ni mtu wa Mkuranga, mke wangu ni Mchagga wa Marangu. Dini zetu mbili, kwa hiyo tulifunga ndoa ya serikali bomani, kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyoruhusu, baada ya tangazo kukaa ubaoni siku 21. Mahari walipeleka wazee wangu. Mimi nilibaki kazini. Halafu wakwe wakateremka Dar es Salaam kwenye shughuli ya kumuaga binti yao. Baba mkwe alikuja na basi, yeye na wadogo zake wanne, na akina mama wakabeba ndizi kwenye magunia. Kutoka kwao hadi mjini ni zaidi ya kilomita 500. Mzee yule alikaa kwenye kiti kutwa nzima, magoti yakamvimba, kusudi amkabidhi mwanaye mkononi mwangu. Nami miaka ikapita bila kupanda hilo basi hata mara moja kwenda kumrudishia salamu.

Visingizio nilikuwa navyo vyote. Desemba nauli inapanda. Juni kule kuna baridi. Mtoto mdogo. Likizo haijapitishwa. Kila mwaka mke wangu ananiuliza, kila mwaka namwambia mwakani panapo majaliwa. Wakati huo huo yeye alishalala Mkuranga kwa mama yangu kabla ndoa haijafikisha mwezi, akaamka alfajiri kufagia uwanja, akakuna nazi, akajifunza nani ni shangazi mkubwa na nani hapishani naye mlangoni. Hakuna aliyemsifu kwa hilo. Tuliona ni wajibu wake. Hapo ndipo wanaume tunapodhulumu: mwanamke asipokwenda ukweni kwake wiki ya kwanza, ukoo mzima unakaa kikao, mwanamume asipokwenda miaka sita, tunasema ametingwa na kazi.

Kisha bibi yake mke wangu akafariki. Huyo ndiye aliyemlea tangu alipoachishwa ziwa. Mke wangu alisafiri peke yake usiku ule, mimi nikatuma laki tatu, nikaja kijiweni, nikasema nimeshamalizana nao.

Kilichoniamsha si msiba. Ni siku shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alipofika nyumbani bila taarifa, akabisha hodi. Mwanangu wa kwanza akafungua mlango, akamtazama juu mpaka chini, akaita: "Mama, kuna mgeni!" Mjomba wake wa damu, ndugu wa tumbo moja na mama yake, ni mgeni. Sisi watu wa Pwani tunajua mjomba ni nani. Wenye shughuli wote wanamngoja yeye. Na huyo huyo mtoto, bibi yake wa Marangu alikuwa akimwita "bibi wa kwenye simu." Usiku ule nilimwambia mke wangu Desemba tunakwenda, sote, na hatulali hotelini.

Safari yenyewe kila mtu wa Dar anaijua, sitawachosha nayo. Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, wiki ya Krismasi, ni watu juu ya mabegi na mabegi juu ya watu. Tiketi yetu iliandikwa bei moja tukatozwa nyingine. Hiyo ni tabia mbaya ya kila Desemba, na wanaopaswa kuikomesha wanaifahamu. Chalinze, Segera, Korogwe na mashamba yake ya mkonge, chakula cha haraka haraka Mombo, kisha joto la Same linalobana shingo. Saa kumi alasiri tukashuka Himo, tukapanda Noah ya Marangu. Gari likaanza kupanda mlima na dakika chache tu hewa ikabadilika. Vumbi likakatika. Migomba ikaanza, migomba ikafuatia migomba, na watoto wangu wakafunga vioo kwa baridi mwezi wa Desemba.

Pale uwanjani walitupokea vizuri. Mama mkwe aliwachukua wajukuu wawili kwa mpigo, mmoja kila mkono, akawa anaongea nao Kichagga wasichokijua na wao wanacheka. Baba mkwe akanipa mkono, akaniambia karibu nyumbani. Nikatoa nilivyokuja navyo: blanketi la baba, vitenge vya mama, mchele, sukari, na nazi ishirini za kwetu. Lakini babu, mume wa yule marehemu, alikuwa jikoni kwenye nyumba ya zamani, amekaa kwenye kigoda karibu na moto. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akageuza uso kwenye kuni. Hakuongeza neno. Chakula kilipoletwa hakuja kula nasi.

Usiku baba mdogo wa mke wangu akaniita nje. Hakuniuma. Aliniuliza tu, "Mkwe, mama yetu alipozikwa hapa, wewe ulisimama wapi?" Nikasema sikuja, nilituma. Akasema, "Ulichotuma tulikipokea, tulinunulia sukari na majani ya chai ya matanga. Nakuuliza ulisimama wapi." Sikuwa na jibu. Akaniambia nilale, asubuhi kungekuwa na kazi.

Asubuhi umande ukiwa bado kwenye majani alinipeleka kwenye mpaka wa kihamba, shamba lao la ukoo. Kule mipaka haiwekwi kwa nguzo. Wanapanda masale, mmea wa majani marefu ya kijani, umesimama kwa mstari kati ya mtu na jirani yake. Akakata jani moja la isale, akalifunga fundo katikati, akaniwekea kiganjani. Kwa Wachagga hilo jani ndilo ombi la msamaha. Ukimkosea mtu unamwendea nalo, tena unakwenda na mtu wa kukuombea, na aliyeletewa isale hawezi kukufukuza; atakusikiliza hata kama moyo wake haujapoa. Nimeona watu wa mjini wakilizungumzia kama hadithi za zamani. Mimi nililishika. Lina ubaridi wa umande na ukingo wake mgumu kidogo, na mkono wangu ulikuwa unatetemeka.

Tuliingia jikoni kwa babu. Baba mdogo akasema maneno yake kwa Kichagga, marefu, sauti ya chini. Mimi nikapiga goti, nikalitoa jani kwa mikono miwili. Babu alilitazama muda mrefu, akapitisha kidole gumba kwenye lile fundo, mara mbili, mara tatu, kama anayepima kama limekazwa. Kisha akalipokea. Akanyanyuka kwa fimbo yake, akaniambia kwa Kiswahili, "Twende ukamwamkie."

Kaburi liko ndani ya kihamba, hatua chache nyuma ya nyumba, katikati ya migomba na mibuni. Msalaba wa saruji, jina na miaka. Na hapa ndipo nilipoumia zaidi ya pote: jina kamili la yule bibi nililisoma siku hiyo kwa mara ya kwanza. Laki tatu nilituma kwa msiba wa mtu ambaye hata jina lake sikulijua. Babu akasimama pembeni, mimi nikachuchumaa, nikang'oa magugu kuzunguka saruji mpaka kucha zikajaa udongo. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo wala nikome. Nilipomaliza, babu akasema "aika," asante, na tangu dakika hiyo alinifundisha kila kitu kama mjukuu wake.

Pale kaburini ndipo nilipoelewa kwa nini Wachagga wanapanda basi Desemba kwa bei yoyote ile. Mjini tunawatania kwamba wanakwenda kuonyeshana magari. Wapo, siwatetei. Lakini kihamba ndicho kinachowaita. Hapo ndipo babu amelala na baba atalala. Nyumba, ng'ombe zizini, ndizi, kahawa, miti ya kivuli juu yake, magimbi chini yake, na mfereji wa maji unaoteremka kutoka mlimani, ile mifongo waliyoichimba mababu kabla Mjerumani hajafika. Vyote kwenye kipande cha ardhi ambacho kwetu Mkuranga ungepanda mikorosho michache tu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huo wa kihamba kuwa urithi wa kilimo wa dunia, kwa kupitia kijiji cha Shimbwe Juu. Wenyewe hawahitaji kuambiwa. Kwa desturi yao mtoto wa mwisho wa kiume hubaki na kihamba cha wazazi, wa kwanza hukatiwa chake, na wale wa katikati hujitafutia. Baba mdogo aliponieleza hilo nikawakumbuka wenye maduka wote wa mtaani kwetu ninaowaita Mangi, nikajiuliza ni wangapi kati yao ni watoto wa katikati.

Na kahawa! Miaka yote nimekunywa kahawa kijiweni, asubuhi na jioni, sikuwahi kuuona mbuni. Baba mkwe alinichumia buni chache nyekundu zilizosalia mwisho wa msimu, akaniambia nifyonze ganda. Ni tamu. Mbegu mbili ndani zinateleza mdomoni. Akanisimulia jinsi baba yake alivyokuwa akipeleka magunia kwenye chama cha msingi, enzi za nguvu za KNCU, ule ushirika wao ulioanza mwaka 1933, na jinsi ada ya shule ya watoto wake mwenyewe ilivyotoka kwenye mibuni hii hii. Kwa hiyo hata mke wangu, cheti chake cha ualimu, kimetoka hapa. Nilikuwa nakula matunda ya shamba ambalo sikuwahi kulikanyaga. Sasa bei imewachosha, jirani zake wawili wameng'oa kahawa wamepanda parachichi. Yeye kabakiza mistari minne upande wa kaburi, na anasema hiyo haing'olewi akiwa hai.

Mbuzi alichinjwa siku ya pili. Na hili sitalisahau: hawakumgusa mpaka walipomwita jirani yao Mwislamu, mzee wa makamo aliyetembea kilima kizima na kisu chake, ili mkwe wao ale bila wasiwasi. Sikuwa nimeomba. Wazee walipozungusha mbege, pombe yao ya ndizi, kwenye kata, mimi nililetewa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na hakuna aliyenishurutisha wala kunicheka. Watu waliokuwa na kila sababu ya kuninunia walikuwa wamekaa kikao kupanga nitakula nini.

Kisha ikaja kugawa nyama. Mimi nilidhani nyama inakatwa inapikwa. La! Kila kiungo kina mwenyewe. Shemeji alikuwa anakata, babu anaelekeza kwa fimbo: huo mguu peleka kwa baba mkubwa, hiki cha shangazi aliyeolewa Kilema, hicho cha wajomba wa mama yao, na huu upande wa akina mama, wanaume msiusogelee. Mwanangu alipewa kazi ya kupeleka vipande kwenye majani ya mgomba, na kila aliporudi alikuja na jina jipya. "Baba, yule wa nyumba ya bati jekundu ni babu mdogo!" Kufika jioni yule mtoto aliyemwita mjomba wake mgeni alikuwa anaujua ukoo kwa viungo vya mbuzi.

Mama mkwe alipika mtori. Nilimkuta jikoni akimenya ndizi mshare kwa kisu kidogo kilicholika, utomvu umemganda vidoleni, nikataka kuondoka, maana kwetu mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe wake ovyo. Akaniambia, "Kaa baba, hapa ni kwako." Akaponda ndizi na nyama kwa mwiko, taratibu, mpaka ikawa laini, akanijazia kikombe. Tulizungumza saa nzima. Aliniuliza habari za mama yangu, miguu yake, na kama kule Mkuranga mvua imenyesha. Kwenye simu miaka yote hiyo tulikuwa tunaambiana "hatujambo, hatujambo, msalimie," kisha salio linakatika.

Krismasi nilimsindikiza mke wangu na watu wake mpaka kanisani. Mimi nilikaa nje chini ya mti pamoja na wazee wawili. Ibada ilipokwisha ukafanyika mnada uwanjani: mkungu wa ndizi, kuku, mayai, mboga, vitu ambavyo waumini wametoa sadaka. Shemeji akanisukuma mbele. Nikaununua mkungu wa ndizi, watu wakapiga vigelegele, na mnadi akatangaza kwamba umechukuliwa na mkwe wa ukoo fulani kutoka Pwani. Tangu hapo njiani kila mtu alinisalimia "shimbonyi," nami nikawa naitikia.

Sasa turudi kijiweni. Najua watakalosema. Mpare wetu, ambaye ni mtani wa Wachagga na hawezi kukaa kimya wakitajwa, aliniambia: wewe una uwezo, kijana wa bodaboda nauli ya watu wanne atatoa wapi? Ni swali la haki. Lakini haikuandikwa popote kwamba ukweni ni Desemba tu. Desemba ndiyo bei ya juu. Nenda Julai, uchukue koti. Nenda Februari. Ipo treni ya Moshi, iliyorudi Desemba 2019 baada ya kukaa zaidi ya miaka 20 bila kubeba abiria. Inakwenda polepole lakini inafika. Nenda peke yako mwaka huu, mwakani umchukue mtoto mmoja. Wakwe zangu hawakuniuliza nilikuja na gari gani.

Ninaowasonya hasa si wasio na nauli. Nawasonya wale wenye nacho wanaofika Moshi mjini, wakachukua chumba hotelini, wakakodi gari kwa mkopo, wakapanda mlimani tarehe 25 mchana, wakapiga picha na mama mkwe, wakateremka kabla giza halijaingia. Wakirudi wanasema wamekwenda ukweni. Hujalala kwenye kitanda walichokutandikia, hujasikia mzee akikohoa usiku, hujaulizwa ulisimama wapi. Hujaenda. Mama yule kafua mashuka, kaazima godoro kwa jirani, halafu mkwe anasema nyumba haina maji ya moto! Wengine huwafundisha watoto kukunja pua mlangoni kwa sababu ya harufu ya zizi. Hilo zizi ndilo lililomsomesha mama yao. Tuwaambie ukweli watoto, tena tuwape ndoo wakawanyweshe ng'ombe maji.

Babu alitusindikiza mpaka barabarani siku ya kuondoka, na fimbo yake. Aliniambia nirudi kahawa ikianza kuiva, mwezi wa Julai, nimsaidie kuchuma ile mistari minne, maana mikono yake haifiki tena matawi ya juu. Nimeshaomba likizo.

Na wewe kijana wa bodaboda, kama utasomewa haya: matanga hayajaanuliwa. Laki mbili zako zimefika, watanunulia sukari. Basi la Mwika linaondoka Mbezi alfajiri. Tumechanga pale kijiweni, nauli yako ya kwenda na kurudi iko kwa muuza kahawa. Pita uichukue, usafiri.